Kiwiko cha Mama Pacha

Jumatatu, 3 Juni

Kama kuna mtu aliyezaliwa na bahati ya usingizi, ni mimi. Sijisifu, nasema ukweli. Wengine hugeukageuka kitandani, hunywa maziwa ya moto, hukodolea dari macho. Mimi nipe ukuta wa kuegemea tu, nimekwenda. Nimelala juu ya sitaha ya meli. Nimelala juu ya magunia ya saruji. Nimelala kwenye benchi la kituo cha polisi (kosa lilikuwa lao). Nimelala siku ya harusi yangu mwenyewe, baba mkwe akiwa katikati ya hotuba. Shule niliiacha darasa la saba, lakini katika somo la kulala mimi ni profesa.

Ndiyo maana nauza magodoro. Kila mtu na kipaji chake.

Leo Mama Bosi kafunga duka mapema, kaniita mimi na Bwana Tai. Bwana Tai ni muuzaji mwenzangu, huvaa tai hata tukishusha mzigo. Mama Bosi kasema godoro jipya linaingia. Jumamosi ya wiki ijayo mmoja wetu atalala juu yake ndani ya kioo cha mbele cha duka, mchana kweupe, watu wa barabarani wakitazama. Asiigize, alale kwelikweli. Na huyo atakayelala vizuri ndiye atakayekabidhiwa tawi jipya. Umeneja! Meza yangu! Kiti cha kuzunguka!

Bwana Tai akasema yeye anaweza kufumba macho huku anatabasamu. Mimi sikusema kitu. Nilikuwa nimeshalala, wima, nimeegemea kabati la foronya. Mama Bosi akaninyooshea kidole, akasema basi ni huyu.

Kichwa kinauma tangu asubuhi. Kama asubuhi zote. Mdomo mkavu kama soksi iliyosahauliwa kwenye kamba. Ubavu wa kushoto nao unauma, na chanzo chake nakijua: kiwiko cha Mama Pacha. Mke wangu nampenda, lakini analala kama mtu anayekanda unga. Usiku kucha kiwiko, kiwiko, kiwiko. Nimeshaacha kulalamika. Nimechoka. Sijui kwa nini nimechoka, na usingizi wote huu nilio nao.

Jumanne, 4 Juni

Siku mbaya.

Tulikuwa tunapeleka magodoro ya hosteli, mimi kwenye usukani. Taa nyekundu. Nikafumba macho kidogo niyapumzishe. Kidogo tu. Nilipoyafumbua, Bwana Tai alikuwa ameng'ang'ania breki ya mkono, uso umempauka, na pua ya gari ilikuwa imebusu kibanda cha muuza matunda. Mwenye kibanda alikuwa amekumbatia tikiti maji lake kama mtoto mchanga. Hakuumia mtu. Mapapai mawili matatu.

Nilimsihi Bwana Tai tulimalize humo humo garini, kiume. Akanijibu, kaka, mimi pia nina watoto. Kufika dukani akaeleza yote, na tikiti maji akaliigiza kwa mikono. Mama Bosi akanipokonya funguo za gari. Kasema hakuna usukani wala kioo wala tawi mpaka nilete barua ya daktari kwamba usingizi wangu hauna kasoro. Bwana Tai akalegeza tai yake kidogo. Ndivyo anavyocheka.

Nyumbani Mama Pacha hakushangaa hata chembe. Yeye ni fundi cherehani, anashonea barazani. Siku nyingi ananiambia wimbo mmoja: eti nakoroma, halafu ghafla nakata. Kimya. Pumzi hakuna. Halafu narudi kwa kishindo kama mtu aliyevutwa kutoka mtoni. Mimi jibu langu ni moja: maiti haikoromi.

 Leo alikuwa na gauni la mteja mapajani. Mkono mmoja wa gauni ameushona ukafungwa kabisa, mbele kule pa kutokea kiganja. Mteja kaingiza mkono, kasukuma, kasukuma, kaondoka kwa hasira. Mama Pacha akaweka mkasi chini akasema kesho ananipeleka hospitali yeye mwenyewe, na kama nina mpango wowote kichwani, niuambie usubiri nyumbani.

Macho yake mekundu. Nikamwambia apunguze kazi.

Jumatano, 5 Juni

Daktari ni kijana ambaye ningeweza kumzaa. Kaniuliza kama naamka na kichwa kinauma. Nikasema ndiyo, mto mbaya. Mdomo kukauka? Hali ya hewa. Kuamka kwenda haja ndogo mara kwa mara? Nakunywa maji mengi, ni mtu wa afya. Kusinzia mchana? Hicho ni kipaji, daktari. Yote akaandika.

Akachukua futi anipime shingo. Kabla hajaizungusha, Mama Pacha akamtajia kipimo cha kola yangu, na akaongeza kwamba kimepanda tangu tuoane. Presha nayo ikaonekana iko juu. Nikasema ni kwa sababu ya kuzungukwa na watu wawili wanaonisema.

Akaeleza. Koo la mtu ni kama mpira laini wa maji. Ukilala linalegea. Kwa wengine linalegea mpaka linajifunga, hewa haipiti. Ubongo unashtuka, unakuamsha nusu uvute pumzi, wewe hujui. Ukivuta tu, unazama tena. Koo linajifunga tena. Hivyo hivyo usiku kucha. Mtu anaamka anadhani kalala, kumbe kakesha anapigana. Moyo ndio unaobeba mzigo, siku moja unaweza kuutua. Au mtu analala kwenye usukani, na hapo anabeba na wasiohusika.

Nikamtazama Mama Pacha. Alikuwa anaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayesikia jina lake likisomwa redioni.

Akanipa masharti: nisiendeshe gari kwa sasa. Nilale ubavu, nisilale chali. Nisiguse pombe, wala dawa yoyote ya kuleta usingizi, kwa sababu hizo zinalegeza koo zaidi. Nipunguze tumbo. Halafu akanipa kifaa cha kulala nacho usiku mmoja: mkanda wa kifuani, kidude cha kubana kidole, kimpira cha puani. Kifaa kinasikiliza pumzi, yeye atasoma.

Njiani kurudi nilikuwa nafikiri. Kifaa kinasikiliza pumzi. Lakini kifaa kitajuaje ni pumzi za nani?

Alhamisi, 6 Juni

Nimecheza karata yangu, na kama kuna chuo cha akili, wanitumie joho.

Mdogo wake Mama Pacha, shemeji yangu, anakaa kwetu akitafuta kazi. Analala sebuleni. Mwembamba kama fito, na akilala hata mbu wanamsahau. Nilimwambia mke wangu kwamba kifaa kinataka utulivu, kwa hiyo nitalala sebuleni na shemeji, yeye akalale na pacha. Akasema sawa. Alikuwa na furaha, maskini, hata akanipigia pasi shati la kulalia.

Taa zilipozimwa nikamfunga shemeji mkanda, kidude, kimpira. Akauliza kama ni halali. Nikamwambia ni sayansi. Akauliza kama viatu vyangu vya kahawia vimo kwenye hiyo sayansi. Vikaingizwa.

Asubuhi nikavihamishia vyote mwilini mwangu kabla mlango haujafunguliwa. Mama Pacha akaja na chai, akavitazama vile vinyaya kama vito vya bibi harusi. Akasema ahsante, Baba Pacha. Nikakohoa.

Kifaa kimerudishwa hospitali. Majibu wiki ijayo.

Jumanne, 11 Juni

Safi! Majibu ni safi!

Daktari aligeuza karatasi mbele na nyuma. Kasema huu ni usingizi wa kijana asiye na mke wala mwajiri. Kasema shingo yangu na presha yangu haviendani na karatasi hii, angependa turudie kipimo. Nikamwambia karatasi imeshasema, sisi ni nani tubishane na mashine. Akaniandikia barua shingo upande, nikaikunja mfukoni nikatoka haraka, nikasinzia kwenye benchi la nje kidogo, nikaamka, nikaenda dukani.

Mama Bosi kaisoma, kaniwekea mkono begani. Jumamosi ni yangu. Bwana Tai kafungua tai yake akaifunga upya, mara mbili.

Mama Pacha nilimpa karatasi akiwa kwenye cherehani. Kaisoma akiwa amesimama, halafu kaisoma akiwa amekaa. Nilitegemea atabisha. Hakubisha. Kasema, "Basi ni mimi. Miaka yote hii ni masikio yangu ndiyo mabovu."

Kasema hivyo tu. Kafunika cherehani.



Jumatano, 12 Juni

Mama Pacha kalala. Kalala vile anavyolala mtu aliyetua ndoo kichwani. Jua limepanda, pacha wamechelewa shule, maziwa yamechemka yakamwagika, yeye yuko palepale, mdomo wazi. Anakoroma kidogo, kistaarabu. Sikuwahi kumwona amelala. Ndoa yote hii. Nikilala yuko macho, nikiamka yuko macho, nikadhani ndivyo alivyoumbwa.

Mimi nimeamkia sakafuni. Magoti chini, mikono shingoni, natafuta hewa chumba kizima kama mtu anayetafuta sarafu gizani. Moyo unakimbia peke yake. Sijui nilifikaje pale.

Ubavu wa kushoto hauumi. Hilo ndilo nililoligundua baadaye, nikinawa uso. Hauumi hata kidogo.

Sitaki kulifikiria. Bado siku tatu tu. Nikishakuwa meneja nitarudi kwa daktari kimyakimya, nitapima kwa pumzi zangu mwenyewe, kila mtu atapona. Kwanza kiti cha kuzunguka.

Ijumaa, 14 Juni

Bwana Tai anatia fitina. Anawaambia wateja kwamba kesho atakuwa nje ya kioo na vuvuzela. Kasema anapenda kelele, ni haki ya raia.

Nimeona mbali. Nimenunua dawa ya kikohozi, ile nzito tamu, inayoandikwa kwenye chupa kwamba usiendeshe mashine. Mimi siendeshi mashine, mimi nalala. Daktari alikataza, lakini alimkataza mtu mgonjwa, na mimi barua inasema si mgonjwa. Nikipiga vijiko kadhaa, hata wakiniletea bendi nzima sitaamka.

Mama Pacha atakuja na pacha kutazama. Kanishonea pajama mpya, ya bluu, na kola pana. Kasema anataka watu waone mume wake.

Jumapili, 16 Juni

Jana sikuandika. Jana nilikuwa nimekaa kitandani nikitazamwa.

Naandika nilivyosimuliwa, maana mwenyewe nilikuwa nimelala. Ndiyo ilikuwa kazi.

Niliingia kwenye kioo kama bwana harusi, vijiko vya dawa ya kikohozi vimeshashuka tumboni. Mama Bosi akafunga kwa ufunguo kile kimlango cha nyuma, watoto wasije wakarukia godoro. Watu wakajaa barabarani. Nilipunga mkono, nikalala chali kwa sababu chali ndiko kunakopendeza, nikaondoka na usingizi. Vuvuzela la Bwana Tai sikulisikia. Kumbe hata yeye hakulisikia. Shemeji anasema nilikoroma mpaka kioo kikawa kinatetemeka, na mtu mmoja akaweka kiganja juu yake ahisi. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega.

Halafu nikakata.

Kimya. Watu wakanyamaza nao. Nikarudi kwa kishindo, wakapiga makofi. Wakadhani ni sehemu ya tangazo. Nikakata tena, wakaanza kuhesabu kwa sauti, mtaa mzima, watoto kwa wazee, kama wanaosubiri roketi iruke. Nikarudi, wakashangilia. Mara ya tatu wakahesabu, wakahesabu, na sauti zikawa zinapungua moja moja. Mzee mmoja akauliza kama hilo godoro ndilo linaloua au ni mtu mwenyewe.

Mama Pacha alikuwa nyuma, na pacha wakiwa mkono huku na huku. Alipowapenya watu akafika kwenye kioo, midomo yangu ilishakuwa na rangi ya wino. Akapiga kioo kwa viganja. Akamgeukia mdogo wake akamuuliza mbona barua ilisema safi. Shemeji, amevaa viatu vyangu vya kahawia, akaangalia chini, akasema, "Dada, nilivaa mimi. Zile pumzi ni zangu."

Aliyefungua ni Bwana Tai. Alimpokonya Mama Bosi ufunguo mkononi, hakuomba. Alivua tai akaitupa, sijui kwa nini, labda ndivyo mtu anavyojiandaa. Mama Pacha akapanda juu ya godoro jipya na viatu vyake, akapiga magoti, akanitia kiwiko. Pale pale, ubavu wa kushoto. Mara moja. Nikavuta hewa mpaka pazia la kioo likasogea.

Na mimi sikujua niko wapi. Nikadhani niko nyumbani. Nikasema kwa sauti, mbele ya mtaa mzima, "Mama Pacha, hicho kiwiko chako kitaniua."

Watu wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. Kasema taratibu, kama anayezungumza na mteja msumbufu:

"Kitakuua? Hicho ndicho kinachokurudisha kila usiku, Baba Pacha. Kila usiku. Na mimi nimechoka."

Kicheko kikakatika. Nikaona machozi yake hayatoki, yamekaa tu pale machoni, yamechoka na yenyewe.

Hatukuuza hata godoro moja.

Jumapili hiyo hiyo, mchana

Mama Pacha kaniambia maneno machache. Kiwiko kimestaafu. Yeye analala na pacha. Dawa ya kikohozi kaimwaga kwenye sinki, chupa kaivunja. Kesho nitakwenda kwa daktari na kumweleza kwa mdomo wangu mwenyewe, na nisipokwenda, nisimsemeshe tena.

Jana niliogopa kulala. Mimi! Nilijifunga kipande kikubwa cha sponji mgongoni, nisiweze kulala chali. Pacha wakanikuta asubuhi kati ya kitanda na kabati, nimenasa, naelea juu ya sponji kama kobe aliyepinduliwa. Wakamwita mama yao. Alikuja mlangoni, akatazama, akarudi. Lakini nilimwona bega lake likicheka.

Jumatatu, 17 Juni

Nimemweleza daktari. Yote, mpaka viatu. Nilidhani atanifukuza. Alivua miwani, akacheka, akaifuta, akaivaa, akacheka tena. Kasema nimfikishie shemeji salamu, ana mapafu mazuri sana.

Halafu akaacha kucheka. Kasema ile dawa ya kikohozi, juu ya koo kama langu, ni kama kumkalia mtu kifuani. Kasema safari nyingine huenda asiwepo mtu wa kunigusa. Akauliza ni nani hunigusa nyumbani. Nikasema mke wangu. Akauliza na yeye hulala saa ngapi.

 Hilo ndilo swali pekee alilouliza bila kuandika.

Kifaa nimepewa tena. Safari hii Mama Pacha kanivisha mwenyewe. Mkanda kaushonea kabisa kwenye pajama ya bluu, kwa uzi wa jinzi, mshono wa kwenda na kurudi. Kimpira kakibandika plasta mashavu yote mawili. Kasema mtu akitaka kukihamisha, ahame na mimi nzima nzima. Alikaa kitini hapo pembeni. Nikamwambia alale tu. Kasema atalala karatasi ikishasema.

Ijumaa, 21 Juni

Karatasi imesema. Daktari hakuigeuza nyuma. Kasema katika watu aliowapima mwaka huu, mimi niko mbele sana, na nilipofurahi akasema si mashindano.

Nimeazimwa mashine. Kisanduku kidogo, kinasukuma hewa kupitia bomba mpaka kwenye barakoa ya puani, hewa inalifungua koo lisijifunge. Kila usiku. Si usiku ninaojisikia. Kila usiku, na hata usingizi wa mchana. Barakoa ioshwe. Mashine ina kumbukumbu ndani yake, inaandika saa nilizoivaa, na yeye ataisoma mwezi ujao kabla ya kuamua kama naruhusiwa kushika usukani.

Nikijitazama kwenye kioo na barakoa nafanana na tembo wa ofisini. Pacha wamefurahi sana. Mama Pacha kasogeza mito, karudi kitandani, kalala upande wake. Mgongo kanipa, lakini karudi.

Tawi kapewa Bwana Tai. Nilikwenda kumpa mkono. Kanikalisha kwenye kiti cha kuzunguka kwa dakika, kanizungusha. Kasema kaka, siku ile niliogopa. Nikamwambia mimi pia, baadaye. Mimi nimepelekwa stoo kuhesabu mito.

Jumatatu, 24 Juni

Sijui nieleze vipi. Nimeamka na hakuna kinachouma. Kichwa hakipo. Yaani kipo, lakini hakijitangazi. Ukuta wa chumba chetu una rangi ya kijani. Nilidhani ni kijivu. Mama Pacha anasema aliupaka mwenyewe na mimi nilikuwa nimeshika ngazi, nikasinzia nayo.

Siku nzima stoo sikulala. Katikati ya mito! Nilihesabu yote nikamaliza, nikakosa la kufanya, nikahesabu tena.

Mama Pacha leo kashona gauni la bibi harusi, mikono yote miwili imetoboka inavyotakiwa. Alikuwa anaimba kidogo. Sauti nzuri. Nayo sikuijua.

Jumapili, 30 Juni

Wiki nzima nimelala kama waziri. Kwa hiyo nimefikiri, sasa kwa kichwa kilichopumzika, na kichwa kilichopumzika kinafika mbali.

Mtu aliyelala vizuri wiki nzima ni mtu aliyepona. Si ndivyo? Na mtu aliyepona anahitaji barakoa ya nini? Jumamosi ijayo Bwana Tai anafungua tawi. Mama Bosi anataka tena mtu alale kwenye kioo, godoro lisafishe jina. Bwana Tai kasema atalala yeye, na tabasamu lake la plastiki. Haiwezekani! Mimi ndiye profesa. Nikimwonyesha Mama Bosi kwamba nalala bila bomba, kimya kama foronya, kioo kitarudi kwangu. Nahitaji kujizoeza usiku wa leo na wa kesho tu, bila barakoa.

Tatizo ni ile kumbukumbu ya mashine. Daktari ataona nimekosa.

Lakini mashine itajuaje ni pua ya nani?

Nimezungumza na shemeji. Amekataa. Amesema dada yake atamchinja. Nikamwonyesha mkanda wangu wa ngozi, unaoendana na vile viatu vya kahawia. Ameuvaa, amejitazama, amesema tutaongea baada ya chakula.

Mama Pacha kajilaza baada ya kufua. Dirisha wazi, jua limemwangukia miguuni, hajasikia hata pacha wanavyogombana uani. Kiwiko kimekunjwa chini ya shavu lake, kimetulia, kina sugu ndogo nyeusi kwenye ncha. Ya cherehani, nilikuwa nikidhani.

Nimekaa hapa nimesoma ukurasa wa kwanza, pale nilipoandika kwamba nimezaliwa na bahati ya usingizi.

Uongo. Sikuwa na bahati wala usingizi. Nilikuwa na mke asiyelala.